Malkia hakusema hivyo: Akili mnemba na kazi ya historia ya mtoto wako

Ni saa mbili na nusu usiku. Mama yuko kwenye cherehani, anamalizia sare za shule za wateja wa Jumatatu. Binti yake wa kidato cha pili amekaa kwenye mkeka, daftari mapajani, simu ya mama mkononi. Mwalimu wa historia ametoa kazi: eleza ufalme wa kale wa Kush na mji wake wa Meroe, ukurasa mmoja na nusu.

“Mama, nimemaliza.”

“Umemaliza nini? Hata taarifa ya habari haijaisha.”

“Historia. Nimeiuliza akili mnemba.”

“Haya, nisomee.”

Binti anasoma kwa Kiingereza cha darasani na kumfafanulia mama kwa Kiswahili. Kush ilikuwa kusini mwa Misri, katika nchi ambayo leo ni Sudan. Watu wake walifua chuma. Walikuwa na malkia shujaa mwenye jicho moja, Amanirenas, aliyepigana na Warumi. Kisha inakuja sehemu tamu kuliko zote: maneno ambayo malkia alimwambia jemadari wa Kirumi kabla ya vita, kuhusu ardhi ya mababu na watoto wasiozaliwa utumwani. Ni mistari minne mizima, ndani ya alama za kunukuu.

Mama anasimamisha cherehani. “Hayo maneno nani aliyasikia?”

Binti anatazama simu. Anapandisha juu, anashusha chini. “Haijasema.”

Tukio kama hili sasa hutokea katika nyumba nyingi zenye simu janja na bando la kutosha. Mzazi hajui afurahi kwamba kazi imekwisha mapema au awe na wasiwasi. Akimnyang’anya mtoto simu, kesho ataitumia ya rafiki yake. Akinyamaza, mtoto atazoea kuamini kila sentensi iliyonyooka. Lakini kuna njia ya tatu, na haimtaki mzazi awe amesoma historia. Inamtaka aulize kama mama huyu alivyouliza.

Nini kinajulikana kweli kuhusu malkia huyo

Vita vyenyewe si hadithi ya kubuni. Roma iliichukua Misri mwaka 30 KK, baada ya kifo cha Cleopatra, na mpaka wake ukagusana na Kush. Karibu mwaka 25 KK jeshi la Kush lilipanda kaskazini, likauteka mji ambao leo unaitwa Aswan pamoja na visiwa vya jirani, na kuziangusha sanamu za mtawala wa Roma, Augusto. Gavana wa Kirumi nchini Misri, Petronius, alijibu mapigo hadi akaushambulia mji wa Napata. Miaka michache baadaye wajumbe wa Kush walikutana na Augusto katika kisiwa cha Samos. Amani ikapatikana, na Kush ikasamehewa kodi ambayo Warumi walikuwa wameidai.

Tumeyajuaje haya? Kwa sehemu kubwa, kutoka kwa Strabo, mwandishi wa Kigiriki aliyeishi wakati huohuo. Strabo alikuwa rafiki wa mmoja wa magavana wa Kirumi wa Misri na aliwahi kusafiri naye katika mto Nile. Ndiye aliyeandika kwamba malkia wa Kush alikuwa na jicho moja. Msomaji anapaswa kukumbuka kwamba huyo ni mtu anayesimulia vita akiwa upande wa Roma.

Strabo hakumwita malkia huyo Amanirenas. Alimwita Kandake. Wasomaji wa Biblia wanalifahamu neno hilo kutoka Matendo ya Mitume sura ya 8, ambako towashi wa Kushi anayekutana na Filipo ni mtumishi wa Kandake. Kandake wa Biblia anatajwa miongo kadhaa baada ya vita vya Petronius, na hilo linawezekana kwa kuwa Kandake si jina la mtu. Ni cheo cha kifalme cha wanawake wa Kush. Wanahistoria wa zama zetu ndio wanaomlinganisha Kandake wa Strabo na Amanirenas, kwa sababu jina la Amanirenas linapatikana katika maandishi ya Kush yanayodhaniwa kuwa ya kipindi hicho. Ni dhana yenye nguvu, lakini inabaki kuwa dhana.

Kuna ushahidi mwingine ambao hautegemei maneno ya mtu. Mwaka 1910 wanaakiolojia wakiongozwa na Mwingereza John Garstang walichimba Meroe na kukuta kichwa cha sanamu ya Augusto, kimetengenezwa kwa bronzi, macho yake bado yakiwa yamekodoa. Kilikuwa kimefukiwa chini ya ngazi za hekalu. Kila aliyepanda ngazi hizo alikuwa akimkanyaga mtawala wa Roma kichwani. Leo kichwa hicho kiko katika jumba la British Museum mjini London, na yeyote mwenye simu anaweza kukiona kwenye tovuti ya jumba hilo.

Miaka michache baada ya hapo, Garstang huyohuyo alipata jiwe kubwa la maandishi huko Hamadab, kilomita chache kutoka Meroe. Lina jina la Amanirenas na la mwanamfalme Akinidad. Wataalamu wengi wanadhani sehemu yake inaeleza vita na Roma, safari hii ikisimuliwa na Wakush wenyewe.

Lakini jiwe hilo limeandikwa kwa Kimeroe. Mwandiko wa Kimeroe una alama 23, na zaidi ya miaka 100 iliyopita mtaalamu Francis Llewellyn Griffith alifanikiwa kujua sauti za alama hizo. Lugha yenyewe, hata hivyo, bado inaeleweka kwa sehemu tu. Ni kama kumpa mwanafunzi wa Mbagala gazeti la Kifini alisome kwa sauti: herufi atazitamka, maana hataipata.

Kwa hiyo upande wa malkia ulichongwa kwenye jiwe, na jiwe hilo lipo hadi leo. Hakuna binadamu anayeweza kulisoma lote akalielewa. Katika pengo hilo, simu ya mama imeweka hotuba yake yenyewe.

Kwa nini mashine inabuni

Programu kama ChatGPT, iliyotolewa kwa umma Novemba 2022, zimefunzwa kwa maandishi mengi mno. Kazi yake ya msingi ni kukisia neno linalofaa kufuata baada ya neno lililotangulia. Zinapotoa jibu, hazifungui kabati lenye ukweli uliohakikiwa. Hata zile zinazoweza kutafuta kwenye intaneti huchanganya zilichokipata na zilichokikisia, na kosa linaweza kupenya.

Zinafanana na mtu aliyeshika vina na mizani. Mpe jina la malkia na vita, atakutungia ubeti usio na kasoro, hata kama hajui kilichotokea. Majibu mengi ya historia yaliyoandikwa duniani yana hotuba ya shujaa kabla ya vita, hivyo mashine nayo inaweka hotuba. Hailengi kudanganya. Inakamilisha umbo.

Kosa la aina hii huwapata hata watu wazima wenye shahada. Mwaka 2023 mawakili wawili mjini New York walipigwa faini ya dola 5,000, pamoja na ofisi yao, baada ya kuwasilisha mahakamani hukumu sita za kesi ambazo hazijawahi kuwapo. ChatGPT ndiyo iliyozitunga, zikiwa na majina ya wadaawa na namba za kesi.

Kwa watoto wa Afrika kuna jambo la ziada. Kuhusu Roma na Ugiriki kuna maktaba nzima za vitabu, hivyo mashine inapokosea kuna mengi ya kuirekebisha. Kuhusu Kush, Aksum au pwani yetu maandishi ni machache, na mengi yameandikwa na wageni. Palipo na machache ndipo mashine inapokisia zaidi. Mtoto anaweza kumaliza shule akiwa na historia ya Afrika tamu kuliko ya kweli, na siku atakapogundua kwamba maneno ya malkia yalitungwa, anaweza kushuku hata kichwa cha bronzi ambacho ni cha kweli kabisa.

Inaposaidia, inasaidia sana

Haya yote hayamaanishi kwamba akili mnemba haina nafasi katika somo la zama za kale. Mwaka 2022 kampuni ya DeepMind, ikishirikiana na wanahistoria wa vyuo vikuu vya Ulaya, ilitangaza programu iitwayo Ithaca. Kazi yake ni kujaza herufi zilizovunjika katika maandishi ya mawe ya Kigiriki. Ikifanya kazi peke yake, ilipata usahihi wa asilimia 62. Wanahistoria wakifanya peke yao walipata asilimia 25. Wanahistoria walipotumia Ithaca kama msaidizi, usahihi ulipanda hadi asilimia 72.

Ithaca si programu ile iliyoko kwenye simu ya mama. Imetengenezwa kwa kazi moja, na badala ya jibu moja la uhakika inatoa orodha ya makisio ili mtaalamu achague. Hata hivyo, tarakimu zake zina funzo kwa mwanafunzi. Matokeo bora yalitoka pale mtu anayejua kuuliza alipokaa pamoja na mashine inayokisia haraka.

Nyumbani, msaada wa kwanza ni lugha. Wanafunzi wa sekondari husoma historia kwa Kiingereza, na wengi hukwama kwenye maneno kabla hawajafika kwenye matukio. Kuiomba programu ifafanue aya ngumu ya kitabu cha kiada kwa Kiswahili chepesi ni matumizi mazuri. Aya ipo mkononi, na mtoto anaweza kulinganisha.

Msaada wa pili ni kujipima. Badala ya kuomba jibu, mtoto aombe maswali: “Niulize maswali kumi kuhusu Meroe, moja moja, na usinipe jibu mpaka nijaribu.” Akimaliza, anahakikisha majibu kwenye kitabu.

Msaada wa tatu unawafaa hasa walimu. Mwalimu anachapisha jibu la akili mnemba kuhusu mada ya wiki, anawagawia wanafunzi pamoja na vitabu, na kuwapa kalamu nyekundu. Kazi yao ni kusahihisha. Kila sentensi ipate alama ya vema, alama ya kosa, au alama ya kuuliza kwa jambo lisilo na ushahidi. Mwanafunzi aliyezoea kusahihishwa sasa ndiye anayesahihisha, na hawezi kufanya hivyo bila kusoma.

Mchezo wa Rhapta

Familia za pwani zina uwanja wao wa mazoezi. Katikati ya karne ya kwanza BK, mfanyabiashara asiyejulikana jina, aliyeishi Misri na kuandika Kigiriki, aliacha mwongozo wa safari za bahari ya Hindi. Kitabu hicho huitwa Periplus. Kinataja pwani ya Azania, yaani pwani yetu ya Afrika Mashariki, na soko lake la mwisho kusini, Rhapta. Kinasema jina hilo lilitokana na vyombo vilivyoshonwa kwa kamba. Waliofika huko walileta mikuki, mashoka, visu na vioo, wakaondoka na pembe za ndovu, pembe za faru na magamba ya kasa. Kinaeleza pia kwamba manahodha wa Kiarabu walizoeana na wenyeji, wakaoa kwao na kuijua lugha yao.

Rhapta ilikuwa wapi hasa, hakuna aliyethibitisha. Felix Chami, mwanaakiolojia wa Tanzania, ametetea eneo la delta ya Rufiji, na wengine wamependekeza sehemu nyingine za pwani.

Mtoto anaweza kuiambia programu: “Jifanye nahodha aliyefika Rhapta miaka 2,000 iliyopita, nami nitakuhoji.” Mazungumzo yatakuwa ya kuchangamsha. Mashine itaeleza harufu ya soko, jina la mtawala, bei ya pembe. Baadaye familia inakaa na kalamu mbili. Ya kijani inapigia mstari yaliyomo katika Periplus: vyombo vya kushonwa, mikuki, pembe za ndovu. Nyekundu inapigia mstari yaliyobuniwa: harufu, bei, jina la mtawala. Kwa kawaida nyekundu itakuwa nyingi, na mtoto ataona kwa macho yake jinsi tunavyojua machache na jinsi hayo machache yalivyo na thamani.

Mchezo huu una sharti moja. Mtoto ajue tangu mwanzo kwamba ni mchezo. Mahojiano na mtu wa kale yasiingie kwenye daftari la kazi kana kwamba ni ushahidi.

Picha nazo zinasema uongo

Programu za kuchora picha zina hatari yake, kwa kuwa jicho huamini upesi. Ukiomba piramidi za Meroe, unaweza kupata zinazofanana na za Giza huko Misri. Piramidi za Meroe ni nyembamba, zenye pande zilizosimama wima zaidi, na ndogo mno zikilinganishwa na ile kubwa ya Giza, ambayo ilikuwa na urefu wa karibu mita 146. Ukiomba mji wa Roma, unaweza kupata sanamu nyeupe pe, ilhali wataalamu wameonyesha kwamba sanamu nyingi za Ugiriki na Roma zilipakwa rangi. Februari 2024 kampuni ya Google ilisimamisha kwa muda uchoraji wa picha za watu katika programu yake ya Gemini baada ya kutoa picha za matukio ya kihistoria zisizolingana na ukweli.

Penye picha halisi, itumike hiyo. Maeneo ya Meroe yameorodheshwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia tangu 2011, na picha zake zinapatikana bure. Kwa walioko Dar es Salaam, fuvu la Zinjanthropus, lililogunduliwa na Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959 na lenye umri wa takriban miaka milioni 1.75, ni mali ya Makumbusho ya Taifa. Safari moja ya makumbusho humfundisha mtoto tofauti kati ya kitu kilichopatikana na kitu kilichochorwa.

Mzazi afanye nini

Mzazi hahitaji kujua Strabo ni nani. Yafuatayo yanatosha kwa jioni ya kawaida:

1. Mtoto aanze na kitabu. Asome kurasa za mada kwanza, aandike mambo matano anayoyajua, ndipo ashike simu. Asiyejua chochote hawezi kuona kosa.

2. Uliza maswali matatu kwa kila jambo zito. Nani alilisema kwanza? Aliliona au alisimuliwa? Kuna kitu kinachoonekana, kama jiwe, kaburi au sanamu?

3. Tilia shaka alama za kunukuu. Maneno ya mtu wa kale yasiyotaja yametoka kitabu gani yasiingie kwenye daftari. Hali kadhalika tarehe kamili ya siku na mwezi kwa tukio la miaka 2,000 iliyopita.

4. Kitabu kilichotajwa na mashine kitafutwe. Kama hakipatikani popote, huenda hakipo. Vitabu vya kiada vya Tanzania vinapatikana pia katika maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania.

5. Mwisho, simu ifunikwe. Mtoto asimulie alichojifunza kwa mdomo, kwa maneno yake. Katika chumba cha mtihani hakuna wa kumnong’oneza.

6. Zingatia umri na siri. Mwongozo wa UNESCO wa Septemba 2023 unapendekeza umri usiopungua miaka 13 kwa matumizi ya programu hizi shuleni. Masharti ya ChatGPT nayo yanataka mtumiaji awe na miaka 13 au zaidi, na mwenye chini ya miaka 18 awe na ruhusa ya mzazi. Jina kamili la mtoto, shule yake na picha zake visiingizwe.

7. Mwambie mwalimu. Kama mtoto ametumia akili mnemba, aandike mstari mmoja mwisho wa kazi akieleza aliitumia wapi. Mwalimu muungwana atathamini ukweli huo, na mtoto hatakuwa na cha kuficha.

Saa tatu na robo

Pale kwenye mkeka, binti amerudi kwenye kitabu. Amekata mistari minne ya hotuba. Amekuta habari ya kichwa cha Augusto na kuonyesha picha yake, na mama ameacha tena cherehani ili aitazame.

“Kwa hiyo walikuwa wanamkanyaga?”

“Kila wakipanda ngazi.”

“Hiyo iandike. Hiyo ipo.”

“Na maneno ya malkia, mama? Ukurasa umepungua sasa.”

“Mimi sikati kitambaa cha mtu kwa kukisia. Kama hayajulikani, andika hayajulikani.”

Binti anafikiri, kisha anainama kuandika, polepole, akitafuta maneno ya Kiingereza mwenyewe. Malkia na watu wake waliacha jiwe lenye maandishi. Jina lake limesomeka. Mengine wataalamu bado hawajayaelewa.

Anahesabu mistari. Ukurasa mmoja na robo. Anairudisha simu ya mama kwenye chaji na kufunga daftari.